Uliza Ujibiwe: Hekalu la Ishiteji na ile njia ya mahekalu 88 kule Shikoku

Tangu tutaje kwenye toleo lililopita kwamba Japani kuna kisiwa kinaitwa Shikoku ambacho watu wanakizunguka kwa miguu, hekalu la Kibudha baada ya hekalu mpaka yatimie 88, maswali yamemiminika mpaka mengine nimeyaunganisha maana yanauliza kitu kimoja. Nitajibu haya kwanza, mengine mtavumilia.

Niko Hiroshima nasoma, likizo yangu ni fupi na pesa ndio hivyo tena za mwanafunzi. Kilometa 1,200 siziwezi, nisiwadanganye. Nikitaka kuona hekalu moja tu la hiyo njia niende lipi? (Msomaji, Hiroshima)

Mdogo wangu, wewe una bahati kuliko wote walioandika, maana uko ng'ambo ya pili tu ya maji. Nenda Ishiteji, hekalu namba 51, mjini Matsuyama. Kuna boti ya mwendo kasi kutoka bandari ya Hiroshima mpaka Matsuyama, saa moja na dakika kadhaa umefika, na kuna feri ya kawaida ambayo ni bei nafuu ila inachukua kama masaa mawili na nusu na ushee, na kwa kweli mimi ningekwambia panda hiyo ya polepole kwa sababu ile bahari ya ndani ina visiwa vingi na ukikaa juu nje utaviona vizuri. Ukishuka unaunganisha basi na treni mpaka mjini, halafu unachukua tramu mpaka kituo cha mwisho Dogo Onsen, mtaa wa mabafu ya maji ya moto. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu, kilometa moja hivi, barabara ya lami, hupotei.

Sababu ya kukuchagulia hilo ni kwamba mengi ya yale 88 ukienda moja tu utasema aah, hekalu zuri, basi. Ishiteji lina kila kitu pamoja na vituko juu. Unaingilia kwenye ujia mrefu mwembamba wenye paa, pembeni wanauza shanga, mishumaa, vijiti vya udi, na kuna akina mama wanachoma vitumbua bapa vya unga wa mchele vyenye maharage matamu ndani, nunua kimoja kikiwa cha moto kwa sababu kikipoa kinakuwa kigumu na raha yake inaisha. Mwisho wa ujia ndio unakutana na geti lenyewe, la mbao, orofa mbili, limejengwa mwaka 1318 na serikali ya Japani imeliweka kwenye daraja la hazina ya taifa. Kulia na kushoto wamesimama walinzi wawili wa mbao, miili imejaa misuli, mmoja kinywa wazi na mwingine kafumba. Na hapo hapo getini zimetundikwa ndara za majani ya mpunga, kubwa kupita kiasi, na ndogo ndogo kibao za watu wanaoomba miguu yao ipone au isiwaangushe njiani. Simama hapo kidogo uwatazame wazee wanavyozigusa zile ndara halafu wanajipapasa magoti.

Ndani kuna mnara wa ghorofa tatu wa zama za Kamakura (karne ya 12 mpaka ya 14), kuna ukumbi mkuu juu ya ngazi, na nyuma ya ukumbi kuna pango. Yaani handaki kabisa limechimbwa mlimani, giza, limejaa visanamu vya mawe pande zote, unatembea unasikia maji yanadondoka na unatokea upande wa pili. Tochi ya simu iwe na chaji. Wenye hofu na sehemu zilizobana wapite tu nje, hakuna atakayewacheka.

Halafu jioni rudi Dogo Onsen ukaoge. Lile jengo la zamani la bafu ni la mwaka 1894, walilikarabati miaka mingi na mwaka 2024 limefunguliwa lote. Ila kule unaoga uchi na wenzako wa jinsia yako, ujue kabisa usije ukaganda mlangoni.

Mimi ni Muislamu, naishi Muscat, mume wangu anakwenda Osaka kikazi na tunafikiria kuunganisha tufike Shikoku. Je wanaturuhusu kuingia hekaluni? Lazima tusujudu au tufanye ibada yao? Na chakula itakuwaje? (Bi N., Muscat)

Dada yangu, swali la dini ulipeleke kwa sheikh wako, mimi hapa sitoi fatwa. Nitakueleza kinachotokea pale mlangoni tu. Kinachotokea ni kwamba hakuna mtu anakuuliza chochote. Mahekalu mengi ya njia ile hayana hata tiketi ya kuingia uani, unapita getini kama unavyopita sokoni, ila kimya. Hakuna anayekulazimisha kuinama, kuwasha udi wala kusoma. Wanaotembea njia ile wenyewe wamechanganyika, kuna wenye imani, kuna waliofiwa na wanatembea na msiba wao, kuna waliostaafu jana, kuna wazungu wenye mabegi makubwa ambao dini hawana kabisa. Wanachotazamwa wote ni adabu.

Na adabu yenyewe ni mambo madogo. Usisimame katikati ya ngazi mbele ya ukumbi watu wanaposoma, sogea pembeni. Picha za uani piga, lakini ndani ya kumbi mara nyingi ni marufuku na hata pasipo na kibao usimpige mtu anayeomba, we ungependa? Sehemu wanazovua viatu vua. Sauti teremsha. Hijabu haina shida, kule kila mtu amefunika kichwa na kitu, wahujaji wenyewe wanavaa kofia pana za majani.

Chakula ndio penye kazi. Watu wanadhani chakula cha watawa ni mboga tupu kwa hiyo salama. Kile cha hekaluni chenyewe kweli hakina nyama wala samaki, supu yake wanaipika kwa mwani na uyoga mkavu, lakini mirin inayowekwa kwenye michuzi mingi ya Kijapani ni pombe ya kupikia na baadhi ya sosi za soya zina alkoholi kidogo. Uliza kabla hujakaa, sio chakula kimeshafika mezani. Ukifika mkoa wa Kagawa utaona tambi nene za udon kila kona, mchuzi wake ni wa dagaa wakavu, harufu yake utajisikia nyumbani kabisa, ila mirin ni hiyo hiyo uulize. Matunda, mayai ya kuchemsha na wali mtupu wa kufungasha utapata kwenye yale maduka ya masaa 24, na machungwa ya mkoa wa Ehime wanauza kando ya barabara.

Naomba mtusimulie hadithi ya yule tajiri aliyevunja bakuli la mtawa. Nimeisikia nusu nusu. (Babu wa Tanga)

Shikamoo babu. Hii ndio hadithi ya Ishiteji yenyewe kwa hiyo umenirahisishia.

Kwanza umjue mtawa. Anaitwa Kukai, amezaliwa mwaka 774 hapo hapo Shikoku, mwaka 804 akapanda meli kwenda China kusoma, akarudi na mafundisho ya Shingon ambayo ni madhehebu makubwa ya Kibudha mpaka leo, akaanzisha makao ya watawa juu ya mlima Koya. Alipokufa mwaka 835 wafuasi wake hawakusema amekufa, wanasema amekaa tu kwenye tafakuri kule kule mlimani na wanampelekea chakula mpaka leo. Wajapani wa kawaida wanamwita Kobo Daishi, au Odaishi-san kwa mapenzi. Hiyo ni historia. Sasa hii inayofuata ni simulizi, wewe ipokee hivyo.

Basi palikuwa na tajiri katika nchi ya Iyo, ambayo siku hizi ndio Ehime, akiitwa Emon Saburo. Mali tele, mkono wa birika. Siku moja akaja mtawa mlangoni na bakuli lake kuomba, akafukuzwa. Kesho akarudi, akafukuzwa. Akarudi tena na tena, mpaka Saburo akapandwa na hasira akalipiga lile bakuli likavunjika vipande vinane. Mtawa akaenda zake, hakusema kitu. Baada ya hapo watoto wa Saburo wakaanza kufa, mmoja baada ya mwingine, nao walikuwa wanane.

Hapo ndipo akatambua yule alikuwa Kobo Daishi. Akagawa mali yake, akatoka kumtafuta aombe msamaha, akakizunguka kisiwa kizima, kila akifika mahali anaambiwa alikuwa hapa jana. Mizunguko ishirini, hakumwona! Wa ishirini na moja akageuza, akaanza kuzunguka kinyume ili wakutane uso kwa uso, na huko milimani karibu na hekalu la Shosanji, namba 12, nguvu zikamwishia akaanguka. Daishi akamtokea pale. Akamwambia umesamehewa, sema unataka nini. Saburo akasema anatamani azaliwe tena katika ukoo wa mabwana wa Iyo, safari hii awe na uwezo na awatendee watu wema. Daishi akaokota kijiwe, akaandika juu yake Emon Saburo amezaliwa tena, akamtia mkononi, mkono ukafumba, roho ikatoka. Wanasema ni mwaka 831.

Muda ukapita, kwa ukoo wa Kono ambao ndio walikuwa wakubwa wa Iyo akazaliwa mtoto wa kiume, mkono mmoja hafumbui. Wakampeleka kwenye hekalu, watawa wakamsomea, ngumi ikafunguka na ndani kikadondoka kijiwe kina maandishi. Hekalu likabadilishwa jina likawa Ishiteji, la jiwe na mkono, na kijiwe wanasema wanacho hapo mpaka leo.

Mimi babu nimekuwa nikijiuliza hivi watoto wanane walikosa nini, na sijapata anayenijibu vizuri. Lakini kitu kimoja hadithi hii imefanya ni kwamba mwaka wenye siku 366 wahujaji wengi wanazunguka kinyume, wanaanzia 88 wanarudi mpaka 1, wanaamini utakutana naye njiani. Ilikuwa 2024 na ijayo ni 2028. Kinyume ni kugumu zaidi kwa sababu alama za njia zimewekwa kwa wanaokuja upande wa kawaida.

Na hapo hapo Ishiteji kuna kibanda kimezungukwa na mawe madogo, wenye mimba wanachukua jiwe moja wanakwenda nalo nyumbani, wakishajifungua salama wanarudisha mawili. Rundo lake uliangalie ndio utajua limefanya kazi kwa wangapi.

Kuna watu wanarusha picha za vitabu vina maandishi ya wino mweusi na mihuri myekundu. Ni bei gani na mtalii tu anaruhusiwa? (Msomaji, Nairobi)

Anaruhusiwa. Kile kitabu kinaitwa nokyocho, unanunua mara moja, halafu kila hekalu kuna ofisi pembeni, unampa mtawa au mama aliyekaa pale, anachovya brashi anakuandikia jina la sanamu kuu la hekalu na kugonga mihuri mitatu mikubwa. Dakika haifiki mbili. Bei ilikuwa yeni 300 miaka na miaka, kuanzia Aprili 2024 ni yeni 500, kwa hiyo yote 88 ni yeni 44,000 hapo hujanunua kitabu. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi inafungwa saa kumi na moja jioni kwa masaa yetu, na ikifungwa imefungwa, hata ukipiga magoti.

Ila nina neno langu hapa. Ule muhuri kwa asili ni ushahidi kwamba umefika na umesoma sutra yako, yaani maandiko ya Kibudha, ndio maana unachukuliwa mwisho. Utaratibu uko hivi, unainama getini, unanawa mikono na kusukutua, ukitaka na pakiruhusiwa unagonga kengele wakati wa kuingia tu, wakati wa kutoka hairuhusiwi wanasema ni mkosi. Unakwenda ukumbi mkuu unawasha mshumaa, vijiti vitatu vya udi, unatumbukiza karatasi yenye jina lako, sarafu, unasoma, halafu yote hayo unayarudia kwenye ukumbi wa pili ambao ni wa Daishi. Ndio unakwenda ofisini. Sasa kuna watu wanashuka kwenye basi wanakimbia moja kwa moja kwenye muhuri, wanarudi kwenye basi! Mihuri 88 na hekalu hata moja hawakuliona. Kama wewe sio wa dini yao sawa usisome, lakini kaa basi dakika kumi utazame kabla hujatoa hizo yeni 500.

Mshumaa ukiamua kuwasha weka safu ya nyuma, ukiweka ya mbele anayekuja baada yako ataunguza mkono akiuvusha juu ya moto wako. Na usiwashie kwenye mshumaa wa mwenzio, wanaamini unabeba na mizigo yake. Tembea na kiberiti.

Zile karatasi za majina nazo zina rangi kufuatana na umezunguka mara ngapi. Mgeni na mpaka mara nne ni nyeupe, kisha kijani, nyekundu, fedha, dhahabu, na aliyefikisha mara 100 ana ya kitambaa cha zari. Ukipewa ya zari usiikunje kama risiti, watu wanaziweka nyumbani kama hirizi.

Mimi na jamaa yangu tumezoea kupanda milima, Kilimanjaro tumefika. Tunataka kutembea yote. Tujiandae vipi? (Msomaji, Moshi)

Kilimanjaro ni siku sita saba umemaliza. Hii ni siku 40 mpaka 50, kila siku, mvua jua, na sehemu kubwa ni lami, na lami ndio inayomaliza watu, sio mlima. Malengelenge ya vidole yamewarudisha nyumbani wengi kuliko mwinuko wowote. Viatu vyepesi vilivyokwisha kulainika, saizi moja juu, soksi za kubadilisha mchana.

Unaanzia Ryozenji, Naruto, mkoa wa Tokushima, na siku za mwanzo mahekalu yamekaribiana unajiona bingwa. Halafu unatoka namba 11 kwenda 12, Shosanji, kilometa kama 13 za kupanda na kushuka msituni, masaa sita mpaka nane, hakuna duka. Njia hiyo wenyewe wanaiita ya kuwabiringisha mahujaji. Ukivuka hapo na miguu mizima utamaliza. Ila Kochi inakusubiri, mkoa mzima una mahekalu 16 tu kwenye karibu kilometa 400, kutoka 37 mpaka 38 pale rasi ya Ashizuri ni zaidi ya kilometa 80, bahari kushoto, lori kulia, siku tatu unatembea hujaona geti.

Viza ya matembezi wanatoa ya siku 15, 30 au 90, kwa hiyo ombeni ya 90 na barua ya ratiba iwe imenyooka. Kulala kwenye gesti au hekaluni pamoja na chakula cha jioni na asubuhi wekeni yeni 8,000 mpaka 10,000 kwa usiku, piga simu siku moja au mbili kabla, msitokee tu jioni mlangoni.

Kitu ambacho kitawashangaza ni watu wa kule. Utatembea umevaa lile shati jeupe la wahujaji na fimbo mkononi, gari itasimama, mama atashuka akupe machungwa mawili, au chupa ya chai, au hata sarafu, ainame aondoke. Hiyo inaitwa osettai. Usikatae, kwao anampa Daishi kupitia kwako, ndio maana hata kwenye kofia imeandikwa kwamba mnatembea wawili. Mpe ile karatasi yako yenye jina kama shukrani. Na kwenye daraja fimbo usiigonge chini, inyanyue, maana inasimuliwa Daishi aliwahi kulala chini ya daraja akikosa wa kumpokea, huwezi jua leo amelala wapi.

Kwa nini mnatupotezea kurasa na masanamu ya watu? (Msomaji, hakutaja mji)

Kurasa za mpira ziko nyuma ndugu yangu, kuanzia ya 40.

Mwanangu anafanya kazi Osaka amenialika. Nina miaka 67 na magoti yangu mabovu. Nisiende kabisa, au kuna mahekalu ya mtu kama mimi? (Mama, Kigamboni)

Shikamoo mama. Uende! Kwanza walio wengi siku hizi hawatembei, wanazunguka kwa basi au gari, kwa gari yote 88 ni siku kama kumi, na hakuna anayewaona pungufu. Wewe mwambie mwanao asikuburuze kwenye mengi, achague matatu.

Zentsuji, namba 75, mkoa wa Kagawa, ni tambarare kabisa, pana, na ndipo alipozaliwa Kobo Daishi. Kuna miti ya mikafuri mikubwa ajabu, na chini ya ukumbi kuna njia ya giza totoro unapita ukipapasa ukuta kwa mkono, hiyo mama ukiona magoti hayataki kaa nje kwenye benchi chini ya miti, hujakosa.

La pili Unpenji, namba 66, ambalo ndilo la juu kuliko yote, zaidi ya mita 900. Usiogope hiyo namba, kuna gari la kamba linaning'inia hewani linakupandisha kwa dakika chache. Juu kuna mamia ya sanamu za mawe za wanafunzi wa Budha, kila mmoja na sura yake, mmoja anacheka, mmoja amenuna, mmoja anajikuna. Na la tatu Tairyuji, namba 21, nalo lina gari la kamba la karibu kilometa tatu, linapita juu ya mto na bonde, dakika kumi. Kwa Tairyuji bado kuna ngazi za mawe ukishuka, sio haba, kwa hiyo nenda na mkongojo, pale hata vijana wanao.

Ishiteji nalo ngazi zake si nyingi, unaweza kuona geti, mnara na ndara bila kupanda popote. Msafiri mwezi wa kumi au wa kumi na moja, Juni ni mvua na Agosti na Septemba kuna joto na vimbunga. Na hayo magari ya kamba upepo ukiwa mkali wanayasimamisha, kwa hiyo mwanao apige simu asubuhi kabla hamjatoka hotelini.